Juno inatua wapi kule Mshtarii?

MamaUjiji: Jamani naombeni kueleweshwa, mwanangu wa form two kaniuliza Juno, kile chombo cha anga cha NASA, itatua wapi wakati sayari ya Mshtarii (Jupita) ni gesi tupu, nimekosa jibu

Mzee_wa_Mwanga: Haitui dada, inazunguka tu. Ilirushwa 2011 ikafika Julai 2016, inapita juu ya mawingu fasta halafu inakimbilia mbali maana mionzi ya pale ni balaa, kompyuta zake wamezifungia kwenye boksi la metali ya titani

kgm_boy: Misheni ya Galileo, chombo kilichotangulia Juno, ndo walizamisha kifaa kabisa mle Mshtarii, Desemba 1995, kikashuka na parachuti kikituma data kama saa moja hivi mpaka kikazimika, naiheshimu sana ile saa moja

MamaUjiji: Duh! Asanteni wakuu

Mzee_wa_Mwanga: Usiku mpeleke Kibirizi, hapo Kigoma, na darubini ya mkono, ataona miezi minne mikubwa ya Mshtarii