Elektrodi za vidoleni: mstari wa jasho haupandi

Swali
Wakuu, tunapima upitishaji umeme wa ngozi (hupanda jasho likitoka) pamoja na mapigo ya moyo kwenye utafiti wa msongo. Vidoleni tumebandika elektrodi (vibandiko vya kupimia) za ECG, yaani za kupima umeme wa moyo, zenye jeli yake, baada ya kupangusa kwa spiriti. Usomaji umeganda kwenye 0.8 mikrosiemensi (kizio cha upitishaji huo) hata mshiriki akishtuliwa. Mstari wa moyo nao una mtetemo mnene. Kifaa kibovu?

Jibu 1
Kifaa kiacheni kwanza. Spiriti inakausha tabaka la juu la ngozi, na ndilo mnalolipima. Mshiriki anawe kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni, ajifute. Jeli ya ECG ina chumvi nyingi mno kwa kazi hii. Tafuteni yenye chumvi kama ya jasho, takriban asilimia 0.5, na elektrodi za fedha na kloridi ya fedha. Zikae kidole cha shahada na cha kati, upande wa kiganja, mkono asioandikia. Subirini dakika 5 hadi 10 jeli iloweshe ngozi, kisha avute pumzi ndefu ya ghafla. Mstari unapaswa kupanda ndani ya sekunde 1 hadi 4. Usipopanda, msianze kurekodi.

Jibu 2
Na AC ya chumba? Vidole vikiwa baridi jasho halitoki. Chumba kiwe nyuzi 22 hadi 24. Wapo pia wachache wasioitikia kabisa, hao waandikeni hivyo hivyo.

Mtetemo: hesabuni vilele. Vikiwa 50 kwa sekunde, ni umeme wa ukutani. Chomoeni chaja ya laptop (ni usalama wa mshiriki pia), kebo zisokoteni pamoja, ziwe mbali na ekstensheni. Kifuani spiriti inafaa: nyoeni, panguseni, ikauke, sugueni kidogo kwa shashi. Elektrodi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine mbavu za chini kushoto, ya tatu mbavu za chini kulia. Kichujio cha 50 Hz (cha kuondoa mtetemo huo wa mara 50 kwa sekunde) kije mwisho, hakiponyi elektrodi iliyobanduka. Moyo rekodini sampuli 1000 kwa sekunde kama mnataka tofauti za muda kati ya pigo na pigo.

Muulizaji
Shukrani. Baadhi ni wakulima, vidole vina sugu.

Jibu 1
Basi hamieni kiganjani: moja kwenye nyama ya gumba, nyingine upande wa kidole cha mwisho. Ila iwe hivyo kwa washiriki wote, maana viwango vya kiganja na vya vidole havilingani.