Mjadala: Wageni waendelee kuvuka bahari kuja kutujengea nyumba, au watume nauli yao?

Mwalimu wa Same
Ndugu zangu, nauliza kwa nia njema. Mwezi uliopita walifika kijijini kwetu wageni 14 kutoka ng'ambo, wakakaa siku 9 wakimsaidia mama mmoja mjane mwenye watoto wanne kuinua nyumba ya vyumba viwili na sebule. Walichota maji, walikoroga udongo, walipokezana tofali juani, na niliwaona wakitoka malengelenge viganjani bila kulalamika, kwa hiyo siwezi kuwadharau. Lakini usiku nilipiga hesabu ya nauli zao za kuja na kurudi, nikaona kwamba fedha zile zingetosha kuinua boma zaidi ya moja, kuyapaua na kuyapiga lipu. Je, tuwaombe waendelee kuja, au watume nauli wabaki makwao? Najua wapo watakaojibu kwamba fedha zikija peke yake mafundi wetu watazila na kuacha mchanga ukutani, na siwezi kusema kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

Fundi wa Makorora
Shikamoo Mwalimu. Sentensi yako ya mwisho imeniumiza kuliko swali lenyewe, na naomba uniwie radhi nikianza nayo. Nimeshika mwiko miaka 26. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali za inchi sita zipatazo 30 hadi 35, nazo zikifunikwa na kumwagiliwa maji siku saba huwa tofali za kujengea watu. Anayenijia akisema kwamba fundi wa mtaa wa pili ametoa 50 kwa mfuko uleule ni mwenye nyumba mwenyewe. Nikikataa, ananiita mwizi wa saruji. Nikikubali na ukuta ukamomonyoka masika ya kwanza, ananiita mwizi kwa mara ya pili. Nimekataa kazi tatu kwa sababu hiyo, na moja nilikataa siku ambayo nyumbani hapakuwa na unga. Usituweke wote katika karai moja.

Mama Neema, Morogoro
Fundi, pole kwa hilo, lakini na wengine tuna makovu yetu. Nilinunua nondo za milimita 12 kwa ajili ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, nikazihesabu na kumkabidhi fundi, kisha nikaondoka siku mbili kwenda msibani. Niliporudi lenta ilikuwa imekwisha kumwagwa na kulainishwa vizuri. Mwaka uliofuata ufa ulitokea juu ya dirisha, ukawa unatanuka kila wiki hadi tukalazimika kuvunja, na ndani tulikuta nondo moja mahali pa nne. Nilikuwa nimekopa kikundini kwa ajili ya nyumba ile. Usiniambie kwamba kosa lilikuwa langu kwa kwenda kumzika mama yangu mdogo.

Fundi wa Makorora
Dada yangu, sikukusudia hivyo, na Mungu amrehemu marehemu. Aliyekufanyia hayo ni mwizi aliyebeba mwiko. Ninachokuomba, wewe na kila anayejenga, ni kwamba siku ya kufunga nondo na siku ya kumwaga zege msiwe mbali, na kama msiba umekuita, kazi isimame hadi urudi. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwambia asubiri.

Mwenyeji wa Kisauni
Ndugu, mmezama kwenye nondo na swali la Mwalimu limebaki mlangoni. Mimi ninapinga jambo zima. Shirika lile la Marekani ambalo Rais Carter alilianzisha limekuwa likijenga huku kwetu Kenya tangu miaka ya 1980, na siwachukii wanaokuja. Ninachochukia ni nyumba za bure, kwa sababu zinawazoesha watu kukaa wakisubiri mgeni ashuke na nyundo. Sisi ni watu wa harambee. Shule nyingi tulizosomea zilijengwa na wazazi wetu, kila mtu kwa mchango wake, bila kumsubiri mtu kutoka uwanja wa ndege.

Mzaliwa wa Uvira
Kaka wa Kisauni, nimeisoma sentensi yako mara tatu kabla ya kujibu, ili nisijibu kwa hasira. Shirika hilo, Habitat for Humanity, halikuanzishwa na Carter. Lilianzishwa mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda katika mji wa Americus, Georgia. Carter na mkewe Rosalynn walijiunga kama watu wa kujitolea mwaka 1984, na mzee yule aliendelea kushika nyundo hata alipovuka umri wa miaka 90. Na kabla ya mwaka 1976, akina Fuller walikaa kwetu Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, katika mji wa Mbandaka ulio kando ya mto, kuanzia mwaka 1973. Mpango wa kujenga na familia na kuikopesha bila riba walikuwa wameuanza katika shamba la Koinonia kule Georgia, lakini ni Mbandaka walikohakikisha kwamba unaweza kufanya kazi mbali na kwao. Naliandika hili kwa sababu sisi Wakongo hatutajwi katika hadithi hiyo ila kama wapokeaji.

Sasa nirudi kwenye neno lako la kusubiri. Nililala chini ya turubai katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, miaka 13, kisha tukaletwa Kentucky. Nyumba ninayoishi leo ilijengwa kwa mpango huu. Mimi na mke wangu tulikuwa tukitoka zamu ya usiku kiwandani, tunaoga, tunakwenda kupigilia misumari kwenye nyumba za watu wengine, kwa sababu saa za jasho letu zilihesabiwa kabla ya msingi wetu kuchimbwa. Ninalipa mkopo kila mwezi, na fedha ninazorudisha huingia katika nyumba ya familia nyingine. Mwanangu wa kwanza aliwahi kuniuliza kama tutahama tena. Nilimwonyesha zege la msingi likiwa bado bichi, nikamruhusu aandike jina lake pembeni. Kwa hiyo, kaka, usiseme kwamba nilikaa nikisubiri.

Mwenyeji wa Kisauni
Ndugu yangu, nakuomba radhi kwa moyo mweupe. Sikujua kwamba familia hulipa, na neno lile nalifuta. Hata hivyo ushuhuda wako unaniongezea hoja. Walioshika nyundo pamoja nawe walikuwa watu wa mji wako, unawakuta sokoni, na paa likivuja unajua mlango wa kugonga. Wageni wa Same wamekwisha kuondoka. Mvua za vuli zikipiga, yule mama atamwita nani?

Fundi wa Makorora
Atamwita fundi wa kijijini, na hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo hasira ilinizuia kulisema mwanzo. Tazameni kazi alizozitaja Mwalimu: kuchota maji, kukoroga udongo, kupokezana tofali. Hizo ni kazi za saidia fundi. Mimi nilianza hapo nikiwa na miaka 16, nikilipwa jioni kwa jioni, na mchana wote nikitazama jinsi bosi wangu anavyoshusha timazi na kusoma pima maji. Mwaka wa tatu alinipa mwiko nijenge ndani ya choo, mahali ambapo kosa halionekani. Kila mgeni anayebeba karai kwa siku 9 anachukua nafasi ya kijana ambaye angelipwa, na zaidi ya malipo, angetazama. Sisemi wafukuzwe. Nasema kila mgeni asimame na kijana mmoja wa kijijini anayelipwa kutokana na gharama za safari hiyo hiyo, na mgeni awe msaidizi wa kijana.

Mwalimu wa Same
Fundi, naiondoa sentensi yangu kuhusu mchanga ukutani, nami nakushukuru. Sisi Wapare tulikuwa na msaragambo: mbiu ikilia, kila kaya inatoa mtu, iwe ni mfereji, njia au nyumba ya mjane. Siku hizi mbiu ikilia wengi wanatuma faini badala ya kwenda. Nililoliona mwezi uliopita, na ambalo hesabu ya nauli haikunionyesha, ni kwamba siku ya nne vijana wetu sita walikuja wenyewe, kwa sababu waliona aibu kumwona bibi wa kizungu mwenye mvi akibeba ndoo kumpelekea jirani yao maji. Aibu hiyo ilitufaa. Lakini inaniuma kwamba ilibidi itoke mbali kiasi hicho.

Mama Neema, Morogoro
Mwalimu, nami nina swali moja, kwa kuwa nimekuwa nikimfikiria huyo mama tangu mwanzo. Kabla ya msingi kuchimbwa, kuna mtu aliyeuliza kiwanja ni cha nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji inaweza kumpatia hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Je, anayo?

Mwalimu wa Same
Dada, hana. Kiwanja kilikuwa cha baba mkwe wake, hakuna karatasi, na marehemu mumewe alionyeshwa tu kwa mkono. Jana nilipita pale nikamkuta shemeji yake akiupima ukuta wa mbele kwa hatua. Kesho asubuhi nitampeleka mama huyo kwa mtendaji wa kijiji, na kama kuna anayejua ni mashahidi gani wanaotakiwa, aniandikie usiku huu.