Ushonaji: chuo kidogo cha wasichana cha bweni, au chuo cha mchanganyiko Mtwara mjini?

Dada wa Mingoyo

Habari za jioni wana kusini. Naomba mawazo yenu, siku ya kuripoti ni mwezi ujao wa Januari na nyumbani bado hatujaelewana.

Mdogo wangu wa kike alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Alitamani uuguzi, lakini kule wanataka Kemia na Biolojia na yeye hayo mawili yalimshinda. Sasa anataka ushonaji na ubunifu wa mavazi, na hapo sina wasiwasi naye hata kidogo. Tangu darasa la tano anawashonea wadogo zake kwa sindano ya mkono, na mishono yake haifumuki.

Amepata nafasi sehemu mbili. Moja ni chuo kidogo cha wasichana tupu, kinaendeshwa na masista, kipo njia ya kwenda Masasi. Hawafiki hata mia, wote wanalala bweni. Ya pili ni chuo cha wavulana na wasichana Mtwara mjini, kikubwa zaidi, ila bweni hakuna, itabidi apange chumba. Tuna ndugu Magomeni lakini nyumba yao imejaa.

Mama anataka kwa masista. Mjomba hataki, anasema binti wa miaka kumi na tisa atafungiwa ndani kama mwali. Mnajua kwetu neno la mjomba lina uzito, na ada ni yeye anayetoa. Halafu sisi ni Waislamu, mama mwenyewe hilo linamtatiza kidogo. Waliosoma vyuo vya aina hizi mbili, niambieni maisha yalivyo.

Fundi Cherehani

Dada, mimi nimesoma chuo cha aina hiyo ya kwanza, miaka miwili. Sikitaji, ila nitakueleza siku yangu ilivyokuwa.

Kengele saa kumi na moja alfajiri. Kufagia, kuchota maji, chai, darasani saa mbili kasoro. Kuna zamu ya jikoni na zamu ya bustani, hakuna anayekwepa. Saa kumi na mbili jioni geti limefungwa. Simu zilikaa kwa matroni, tulipewa Jumamosi mchana na Jumapili. Wiki za mwanzo nililia, nilizoea kuongea na mama kila siku.

Lakini darasani tulikuwa kumi na wanne na kila mtu alikuwa na cherehani yake ya kukanyaga. Naomba usilipite hilo. Ushonaji haufundishwi ubaoni, ni mguu na mkono. Ukikata shingo vibaya unafumua na kurudia siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine ni yako. Na miaka ile umeme wetu wa Mtwara na Lindi ulikuwa unategemea mitambo ya gesi tu, ikiharibika mashine moja mikoa miwili inabaki giza. Sisi tulikuwa tunasogeza cherehani dirishani na kazi inaendelea. Rafiki yangu aliyesoma mjini kwa cherehani za umeme alikuwa ananisimulia kwamba siku hizo anabaki chumbani amelala, darasa limeahirishwa.

Nilichokosa ni mteja. Nilitoka najua kushona suti ya kike yenye bitana, lakini sijui kumwambia mtu bei. Nguo yangu ya kwanza ya kulipwa nilishona kwa elfu tano, nikagundua uzi, zipu na nauli vimeimaliza yote. Iliniuma sana.

Binti wa Chikongola

Mimi nilisoma mjini, mchanganyiko, nikapanga. Hayo ya wateja anayosema Fundi Cherehani ndiyo niliyoyapata mimi. Jioni nilikuwa nakaa kwa fundi mmoja mama mtu mzima karibu na soko, natia vifungo, napiga pasi, nasikiliza anavyobembeleza na anavyokataa. Alinifundisha kuchukua nusu ya pesa kabla ya kukata kitambaa. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo.

Ila Dada wa Mingoyo, piga hesabu ya chumba bila kujidanganya. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita mbele. Kuna godoro, jiko, mkaa, ndoo, maji ya kununua yakikatika, bajaji ukichelewa. Muhula wa kwanza nilikuwa nakula ugali na dagaa mara moja kwa siku, nikisema nyumbani kuwa niko sawa. Darasani tulikuwa wengi, cherehani moja watu watatu, nikipata zamu yangu mkono unatetemeka kwa njaa.

Na la pili nalisema kwa sababu ni mdogo wako. Chumba jirani na changu aliishi msichana tuliyeanza naye siku moja. Akaanza kusaidiwa kodi na mwanaume mmoja mkubwa. Mwezi wa saba hakuonekana darasani, na chuo hakikutuma hata mtu kuuliza. Wiki tatu! Mimi ndiye nilikwenda kwao kijijini kumjulia hali, nikamkuta na mimba na aibu, hataki kutoka ndani. Hakurudi. Wavulana wa darasani kwetu walikuwa watu wazuri, walitusaidia sana, kwa hiyo sioni ubaya wa kusoma nao. Kilichoniumiza ni wiki zile tatu ambazo mtu hayupo na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Mkulima Newala

Mie niseme la ada tu, nimesomesha watatu.

Kwetu pesa ina msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku Mtwara 2007, korosho unapeleka AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha msingi, inakaa ghalani ikisubiri mnada, ndipo hela inaingia benki. Minada ni Oktoba mpaka Desemba. Kwa hiyo Januari mjomba hana shida, atalipa na atacheka. Tatizo ni muhula wa pili. Mwezi wa sita na wa saba mkorosho unakudai wewe: salfa, palizi, kumlipa mpuliziaji. Hapo ndipo mabinti wetu wanarudishwa nyumbani, tena wengi wao wana akili.

Mkiwa upande wa Lindi mna ufuta, unauzwa kuanzia Juni hivi, huo uwekeni kwa ajili ya Julai. Na muulize mkuu wa chuo kabla hamjalipa shilingi: ada inapokelewa kwa awamu ngapi, na akichelewa mnamfukuza au mnamwacha asome? Vyuo vidogo nilivyopeleka mimi vilinisikiliza, kimoja kilipokea hata magunia ya mbaazi kwa ajili ya jikoni. Kule kwenye chuo kikubwa nilikuta dirisha na karani, kanionesha tarehe ukutani.

Mwl. Mstaafu

Fupi tu. Vyote viwili hakikisheni vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kwamba fani ya ushonaji yenyewe imo kwenye usajili, si jina la chuo peke yake. Na msisahau VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ipo Mtwara na ipo Lindi.

Mama Imani

Kuhusu dini. Mimi Mwislamu wa Lindi, nimesoma kwa masista, na mtandio wangu nilivaa siku zote, darasani na nje. Misa hatukulazimishwa, ila asubuhi ya Jumapili tulitakiwa kukaa kimya bwenini au kufua. Ramadhani tulikuwa tisa tunaofunga. Sista wa jikoni alituachia ufunguo tupike daku wenyewe, na futari alitutengea muhogo na uji kabla wenzetu hawajala. Nikimkumbuka yule mama mpaka leo namwombea.

Lakini hicho ni chuo changu. Nendeni mkaulize chenu, tena mumwulize mkuu mbele ya binti mwenyewe: mtandio, swala ya adhuhuri, Ijumaa, daku. Jibu lake mtaliona usoni kabla hajafungua mdomo.

Bibi Mikindani

Wanangu, nimesoma yote. Huyo mjomba anayesema "kama mwali" namheshimu, ila mimi nimewatoa wali wengi. Mwali hafungiwi peke yake. Ana somo wake, yaani kungwi wake, anayelala mlangoni kwake, anayejua amekula au hajala, na akitolewa nje somo yule ni wake mpaka uzeeni. Sasa mjomba aulize kwenye vile vyuo viwili, somo wa mtoto atakuwa nani? Kwa masista labda ni matroni. Mjini labda ni yule mama fundi wa sokoni aliyemtaja Binti wa Chikongola. Asipopatikana mtu huyo, mimi mjukuu wangu simpeleki, hata wakinipa bure.

Dada wa Mingoyo

Shikamoo bibi, na asanteni wote. Nimewasomea mama na mjomba maneno yenu sauti ya juu, ya Binti wa Chikongola nimeyasoma mara mbili.

Juzi tulikwenda kote, mimi, mjomba na yeye mwenyewe. Nilimwachia aulize. Mjini alihesabu cherehani: kumi na moja, wanafunzi thelathini na mbili. Mwalimu alikuwa mchangamfu na kazi zilizotundikwa ukutani zilikuwa nzuri kweli, sitasema uongo. Nilipouliza mwanafunzi asipoonekana nani anamfuatilia, wakasema wanaandika kwenye rejista.

Kwa masista mvua ilitukuta njiani tukafika tumelowa. Kabla ya lolote matroni alitoa khanga kavu akampa mdogo wangu, ndipo akatuuliza jina. Cherehani kumi na nane kwa wasichana kumi na sita. Mtandio ruhusa. Daku, alisema mwaka jana hakukuwa na aliyefunga, ila jiko lipo na atakayeamka atapika. Simu ni mwisho wa wiki tu, hapo mdogo wangu alinuna kidogo.

La wateja nalo alilisema mwenyewe. Alimwuliza mkuu kama wakati wa likizo anaweza kukaa kwa fundi na muda ule ukahesabiwa mafunzo ya vitendo. Mkuu akasema alete barua ya fundi. Binti wa Chikongola, nitakutumia ujumbe pembeni, yule mama wa karibu na soko bado yupo?

Mjomba njiani alinyamaza mpaka Mnazi Mmoja. Tulipokunywa chai ndipo akasema Januari atalipa nusu, na ufuta wa msimu ujao hauuzwi kwa kitu kingine. Mdogo wangu amechagua kwa masista, mwenyewe, hakuna aliyemsukuma.

Sasa natafuta tranka la bati lenye kufuli zuri na godoro la futi mbili na nusu. Anayemjua fundi wa matranka Lindi mjini mwenye bei ya kueleweka anielekeze.