Naomba ushauri: tunawapangaje madereva wa pikipiki kwenye makundi?

Wakuu, habari za jioni. Tuko wachache hapa Dar, tunataka kukodi eneo la lami lililofungwa tufanye siku ya mazoezi ya kasi. Uingereza kwenye siku kama hizi huwa wanagawa makundi matatu, wanaoanza, wa kati na wazoefu, kila kundi linaingia kama dakika 20. Shida ni kwamba mtu anajichagulia. Na huku kwetu mwenye pikipiki kubwa ya cc 1000 hakubali kukaa na wanaoanza, hata kama kona zinamshinda (kunyoosha Bagamoyo Road usiku siyo ujuzi jamani).

Tuwapime kwa muda wa mzunguko, au mzoefu awafuate nyuma kwanza ndiyo aamue? Na wanaoanza wapitane kwenye sehemu iliyonyooka tu? Aliyejipandisha tunamshushaje bila ugomvi?