Mabeseni yanatoka na michirizi na mawimbi, nipandishe joto?

Kibarua_Usiku: Wakuu, habari za kazi. Niko kiwanda kidogo hapa Dar, tunapiga mabeseni ya polipropilini. Kuna michirizi inayong'aa usoni, inazidi tukitoka kula, halafu tukishapiga mabeseni kadhaa inapungua. Tena kuna mawimbi ukingoni, mbali na tundu la kuingizia plastiki. Chila (mashine ya kupoza maji yanayozunguka kwenye moldi, yaani kalibu ya beseni) iko nyuzi 10. Bosi anasema tukaushe malighafi masaa manne. Mnashaurije?

Mkwaju77: Weka pipa la kuyeyushia plastiki nyuzi 260 mkuu, itatiririka yenyewe.

MzeeWaMoldi: 260 ya nini tena? Polipropilini hainywi maji kama plastiki za ABS au nailoni. Kuikausha masaa manne ni kuchoma umeme bure, labda kama mnarudisha skrapu iliyosagwa ikiwa bado na maji ya kuoshea. Jaribu hivi: rudisha nozo (mdomo wa pipa) nyuma, tema plastiki hewani. Ikitoka na povu, unyevu umo kwenye malighafi. Ikitoka laini, shida iko kwenye moldi.

Mimi naishuku chila. Kwa unyevu wa Dar miezi ya joto, chuma cha nyuzi ishirini na kitu tu kinashika umande, sembuse cha 10! Mkienda kula moldi ikiwa wazi, inatoka jasho kama chupa ya soda. Plastiki ya moto ikigusa matone yale, mvuke unachora michirizi. Panda hadi 25 au zaidi, fungeni moldi na maji yake mkisimama, mfute uso kabla ya kuanza. Kila beseni litachelewa kidogo kupoa na bosi atanuna, lakini skrapu nayo ni hela.

Dada_QC: Mawimbi ni kesi nyingine. Plastiki inapoa na kusitasita kabla haijafika ukingoni. Anza na kasi ya kusukuma, joto la pipa liwe la mwisho. Ukiona doa la kuungua, hewa imekosa pa kutokea, safisha njia zake. Na usiguse vitu viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia.

Kibarua_Usiku: Shukrani wakuu. Imetoka laini, haina povu. Chila nimeweka 26, mawimbi yamepungua baada ya kuongeza kasi. Michirizi imebaki upande mmoja tu, hata mashine ikiwa haijasimama.

MzeeWaMoldi: Upande mmoja, muda wote? Huo si umande tena. Zima mashine, kagua oringi (pete za mpira za kuzuia maji kuvuja) za mifereji ya maji upande huo.