Hivi gemu za onlaini zina stori kweli au mi ndo nimezeeka?

Mzee wa Pedi
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu kanishawishi nihamie kwenye gemu za onlaini eti za kucheza mwenyewe zimepitwa, nikanunua bando la usiku nikashusha mpaka asubuhi, sasa wiki ya 2 na sina hata kitu cha kumsimulia mtu. Unaruka na parachuti, unaokota bunduki, unapigwa risasi na katoto kanakutukana, unaanza upya. Mi nimezoea Red Dead Redemption 2, pale Arthur, yule jambazi unayemcheza, alipoanza kukohoa nilizima TV nikakaa kimya, wife akadhani nimepigiwa simu ya msiba kutoka kijijini. Huku nakufa mara 20 kwa usiku hata mwenyewe sijali. Tatizo nini?

binti_tandika
Sio uzee kaka. Stori inataka jambo likitokea limetokea. Onlaini bosi, yaani lile adui kubwa, umemuua leo, kesho unamkuta palepale amesimama, maana kuna wenzako kibao bado zamu yao haijafika. Kijiji ulichokiokoa juzi bado kinaungua. Sasa hapo ulie nini?

Chogo
Angalia gemu ya onlaini ya Fallout 76 ya 2018, watengenezaji wake Bethesda walitaka kila binadamu unayekutana naye awe mchezaji mwenzako, kwaiyo ilivyotoka hakukuwa na mtu wa kuongea naye zaidi ya maroboti, stori unaisikiliza kwenye kanda walizoacha marehemu. Watu wakapiga kelele weee, 2020 ndo wakaleta sasisho la Wastelanders lenye watu wa kuongea nao. Halafu hata stori ikiwepo, washkaji zangu hawaisikilizi, mzee wa watu anaelezea mwanae alivyopotea, mmoja anarukaruka juu ya meza mwingine yuko kwenye maiki "ruka hiyo bana twende tukapige kazi"

Fundi Simu K/koo
Mnajumlisha sana. Final Fantasy XIV iko onlaini na watu wanaicheza kwa ajili ya stori kabisa. It Takes Two ya 2021 peke yako huichezi, lazima muwe 2, na ni stori ya mke na mume wanaotaka kuachana. Nimecheza na shemeji yenu, haijafika nusu tumeshanuniana

binti_tandika
😂😂 Sasa si umenikubalia. Ya kwanza, stori yenyewe kubwa unaiangalia kwenye skrini yako mwenyewe, na hiyo ya pili mko wawili kwenye kochi moja na ikiisha imeisha. Mzee wa Pedi anzia hapo, wife ashike pedi ya pili ya kuchezea. Kununiana ni juu yako

Kijana wa Ubungo
Subirini kwanza. Arthur anakohoa??? Niko chapta ya 3 hapa jamani

Mzee wa Pedi
Samahani mkuu. Vumbi tu lile, we endelea