Ulinganisho: Google Maps, Organic Maps au programu ya wenyeji, ipi ya kutegemea ukiwa ugenini?

Msafiri_Tulivu: Wakuu, tulinganishe programu za simu za kutafutia njia ukiwa nchi ya watu. Najua wengi watajibu "Google Maps, basi". Kwangu hilo ni jibu la mtu mwenye bando muda wote. Mgeni anashuka uwanja wa ndege laini haijashika, na hapo ndipo anapoihitaji ramani kuliko wakati mwingine wowote. Mimi natumia Google Maps pamoja na Organic Maps, na kwa kutembea kwa miguu hii ya pili naipenda zaidi. Nyie je, mnatumia zipi na kwa kazi gani?

Kiguu_na_Njia: Naunga mkono, mkuu. Google Maps unaweza kupakua eneo zima ukalitumia bila intaneti, ila wengi hawajui kwamba hapo itakuelekeza njia ya gari tu. Ya miguu, ya baiskeli, ya basi na treni haikupi. Sasa mgeni asiyekodi gari atafanyia nini? Organic Maps inachukua data za OpenStreetMap, ule mradi ulioanza 2004 ambao ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea. Ukishapakua eneo unalokwenda unapata vichochoro, ngazi, hata njia za milimani na kiasi cha mwinuko, na haina matangazo. Inapopwaya ni kwenye biashara: maoni ya wateja huyapati, na hoteli nyingine ukiitafuta kwa jina huioni. Kwa hiyo mimi huweka alama kwenye hoteli, kituo cha treni na ubalozi nikiwa bado nyumbani.

Zawadi88: Samahani wakuu, mnajitesa. Siku hizi kuna eSIM, laini iliyomo ndani ya simu isiyohitaji kadi, unanunua bando la nchi unayokwenda kabla hujapanda ndege, ukitua Google Maps inafanya kazi kama kawaida. Foleni unaiona, saa za kufungua unaziona, basi linalofuata unaliona. Ya nini kujaza simu programu tatu?

Bi_Ramani: Zawadi, ndugu yangu, hiyo inategemea unakwenda wapi. Korea Kusini serikali ilikataa mwaka 2007, ikakataa tena 2016, ombi la Google la kutoa nje ya nchi data za ramani za kina, kwa sababu za usalama. Ndiyo maana kwa miaka mingi wageni wamefika Seoul na Google Maps ikashindwa kuwapa maelekezo ya kutembea, bando wanalo. Kule wenyeji wanatumia Naver Map na KakaoMap, na zote mbili zina Kiingereza. China nayo ina mambo yake. Huduma za Google zimefungiwa, na ramani za kule hufuata mfumo uitwao GCJ-02 unaosogeza alama mita mia kadhaa kutoka mahali pake halisi. Programu isiyoufuata inaweza kukuonyesha umesimama mtaa mwingine kabisa. Wenyeji wanatumia Amap au Baidu. Wa iPhone wana nafuu, maana Apple Maps ikiwa kule hutumia data za hiyohiyo Amap.

Zawadi88: Hiyo ya Korea sikuijua, dada. Asante. Lakini kwa miji mingine bado nasimamia nilichosema.

Mama_Reli: Kwa miji mikubwa yenye treni za chini ya ardhi, mimi naiweka Citymapper mbele ya zote, kama mji wako umo. Ilianzia London 2011 na haijaenea kila mahali, lakini inapofika inakwambia hadi upande behewa la mbele, la kati au la nyuma ili ukishuka uwe karibu na mlango wa kutokea. Msiudharau mlango wa kutokea! Stesheni ya Shinjuku, Tokyo, ina milango zaidi ya 200. Ukitokea usiopaswa, unazunguka na mabegi wakati uendako ni ng'ambo ya barabara. Pale hata Google Maps inakutajia mlango, basi usome namba yake kabla hujaanza kupanda ngazi, kwa sababu chini ya ardhi ile nukta ya buluu inayoonyesha ulipo si ya kuamini.

Kiguu_na_Njia: Swali kwa wataalamu: kuwasha GPS kunakula bando?

Fundi_wa_Simu: Hapana. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, yenyewe haizipelekei kitu. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, na ukishaipakua hata hilo linaisha. Tofauti utaiona mwanzoni: bila intaneti simu haipati msaada wa kujua setilaiti ziko wapi, inabidi isikilize taarifa hizo kutoka angani. Toka nje, simama penye uwazi mbali na maghorofa, subiri kidogo. Ukiwa ndani ya jengo usishangae isipokuona. Na beba pawabenki, kwa sababu skrini iliyowaka mchana kutwa inamaliza betri.

Msafiri_Tulivu: Nashukuru sana, nimepata mengi. Na za kuita teksi je?

Bi_Ramani: Kusini mashariki mwa Asia ni Grab, Uber iliwauzia biashara yake ya huko 2018. Lolote utakalochagua, jisajili kabla ya safari. Programu hizi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ukishatoa laini yako ya kawaida ukaweka ya kule, ujumbe huo hauupati. Anwani ya hoteli nayo ihifadhi kwa maandishi ya wenyeji, siyo herufi zetu tu, uipige picha ya skrini. Dereva wa Bangkok au Seoul ataisoma mara moja.

Mama_Reli: Na namba ya simu ya hoteli iwe kwenye picha hiyohiyo, dereva akikwama apige mwenyewe aongee nao.